Viti Vyekundu vya The Voice of Germany na Sisi Wageni

Ndugu zangu mliokulia kwenye Bongo Star Search, huku Ujerumani kuna mashindano ya kuimba ya runinga ambayo sikubali yanipite: The Voice of Germany. Asili yake ni Uholanzi, na hapa yalianza Novemba 2011 kupitia vituo vya runinga vya ProSieben na Sat.1. Yapo mengine ya zamani zaidi, Deutschland sucht den Superstar ya kituo cha RTL, tangu 2002, lakini yale siyawezi. Jaji wao maarufu, Dieter Bohlen, kwa miaka mingi aliwavunja moyo watoto wa watu kwa maneno makali, ukumbi ukicheka. Iliniuma kutazama.

The Voice wanaanza hivi: majaji wamekaa kwenye viti vikubwa vyekundu, wamempa mwimbaji mgongo. Hawajui ni mweusi au mweupe, mnene au mwembamba, kavaa nini. Jaji akipendezwa na sauti anabonyeza kitufe, kiti kinageuka. Wakigeuka wawili au zaidi, sasa wao ndio wanaombembeleza mwimbaji awachague. Sisi tunaoishi huku kwa kibali cha ukaazi, tuliozoea kupanga foleni na kuomba, kumwona mgeni anabembelezwa mbele ya taifa zima si jambo dogo.

Maana huku swali linalotutangulia kila mahali ni unatoka wapi. Nilipokuwa natafuta chumba, nilikuwa nikipiga simu na kutaja jina langu tu, chumba kimeshapata mtu. Pale jukwaani mambo yamepinduliwa, wimbo unatangulia. Mtu akishamaliza ndipo anajieleza kwa Kijerumani cha kuungaunga, na wakati huo watu wameshasimama kumpigia makofi.

Mshindi wa kwanza kabisa, Februari 2012, alikuwa Ivy Quainoo, mzaliwa wa Berlin mwenye wazazi kutoka Ghana. Mwaka 2017 akashinda Natia Todua wa Georgia, aliyekuja huku kama au pair. Dada zangu mliopita njia hiyo mnanielewa: posho ya euro 280 kwa mwezi, saa hadi 30 kwa wiki za kulea watoto wa watu, na unalala ndani ya nyumba ya wenyewe. Mwaka 2019 zamu ikawa ya Claudia Emmanuela Santoso kutoka Indonesia, aliyekuwa anasoma Munich. Na fainali haiamuliwi na majaji. Ni Wajerumani waliokaa majumbani mwao ndio waliopiga kura kwa simu, kwa hela yao.

Kwenye nyumba ya wazee ninayofanyia kazi yupo bibi mmoja anayefumba macho kila mwimbaji anapoanza. Hataki kuona mpaka aamue. Sauti ikimgusa, anapiga kofi mkono wa kiti chake cha magurudumu kama ndicho kitufe chenyewe, halafu ndipo anafumbua macho amwone mtu. Nami nikiwa zamu ya jioni, huwa nafumba pamoja naye.

Kitu kimoja kinanisikitisha, nyimbo nyingi zinaimbwa kwa Kiingereza. Natamani siku moja mgeni asimame pale na wimbo wa kwao. Na ushindi wenyewe haumalizi safari. Msimu ule wa Ivy, Michael Schulte alishika nafasi ya tatu. Mwaka 2018 yeye, Ivy na Natia wakakutana kwenye mchujo wa kumtafuta mwakilishi wa Ujerumani kwenye Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya. Schulte ndiye aliyepita, akaenda Lisbon na kuwa wa nne.

Kanisani kwetu yupo binti wa Kitanzania, naye ni au pair, anaongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Akipandisha, hata watoto wanaochezea nyuma wanatulia. Nimemwambia ajaribu, anasema Kijerumani chake bado. Nikamsimulia habari za Natia, akanyamaza, kisha akaniuliza fomu zinapatikana wapi.