Colt 1911: Series 70 au Series 80? Nilivyoamua

Muuza duka alizilaza bastola zote mbili juu ya kitambaa mbele yangu, nikashindwa kuzitofautisha. Zote Colt 1911, mtutu wa inchi 5, risasi za .45, magazini ya risasi saba, uzito wa kilo moja na ushee zikiwa tupu. Moja ilikuwa Series 70, nyingine Series 80. Bei zao zilikaribiana. Pesa nilikuwa nayo, nimeidunduliza miezi minane, lakini siku hiyo nilitoka mikono mitupu, na ilinichukua wiki tano kurudi.

Kulenga shabaha nilijifunza JKT, kwa bunduki za SAR na SMG. Bastola sikuwahi kuishika mpaka nilipohamia Houston, mzee mmoja wa Mombasa tunayesali naye aliponichukua kwenye uwanja wa shabaha na kunipa 1911 yake, Series 70 ya miaka ya sabini. Triga yake ndiyo iliyoniteka. Bastola nyingi triga hubembea kwenye pini kama bawaba ya mlango. Hii inarudi nyuma moja kwa moja, safari fupi, halafu inakatika ghafla bila kukwaruza. John Browning aliibuni, jeshi la Marekani likaipokea Machi 1911, likakaa nayo mpaka 1985 ilipochaguliwa Beretta. Nilipoona tundu zangu zimekaribiana kwenye karatasi siku ile ya kwanza, nilijua nikinunua bastola, itakuwa hiyo.

Mzee alikuwa na neno moja tu: "Mwanangu, usikubali kuuziwa 80. Triga imeharibiwa."

Niliheshimu kauli yake, lakini nilitaka kuelewa imeharibiwaje. Kumbe tofauti yenyewe ni ndogo kwa umbo. Ndani ya slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma ukifyatua, kuna pini inayogonga kitako cha risasi. Kwenye 1911 ya asili pini hiyo ni fupi kuliko njia yake na inavutwa nyuma na springi. Nyundo ikiipiga, inaruka mbele kwa ule msukumo, inagonga, inarudi. Sasa bastola yenye risasi chemba ikidondoka kutoka juu na mdomo ukatangulia kwenye sakafu ngumu, pini inaweza kusogea mbele kwa uzito wake wenyewe ikafyatua risasi. Ni nadra, lakini inawezekana. Mwaka 1983 Colt walileta Series 80: kizibo kidogo ndani ya slaidi kinachoizuia pini isisogee, na vijiko viwili kwenye fremu, ile sehemu ya chini yenye mpini, vinavyokisukuma kizibo juu pale tu unapovuta triga. Ukihesabu kizibo, springi yake na vijiko viwili, vimeongezeka vipande vinne. Na kwa kuwa triga ndiyo inayovisukuma, watu husema inakuwa nzito au yenye mkwaruzo.

Hapo ndipo nilipoamua kupima badala ya kusikiliza. Uwanja tunaoutumia unakodisha bastola, na walikuwa na 80. Niliomba mizani ya kupimia mvuto wa triga, bastola zote mbili zikiwa tupu na zimekaguliwa na msimamizi. Ile ya mzee ilikatika kwenye kilo 2.2. Ile ya kukodi ilikatika kwenye 2.4. Nilivuta mara kumi kila moja. Nikifumba macho niliuhisi mguso mdogo sana kwenye 80 kabla ya kukatika. Nikifyatua risasi kweli, macho yakiwa kwenye shabaha, sikuuhisi kabisa. Karatasi zangu za yadi 15 zilifanana. Nadhani sifa mbaya ya 80 inatokana zaidi na bastola mojamoja ambazo hazikulainishwa vizuri kiwandani kuliko na ule mfumo wenyewe.

Lililonimalizia mashaka lilitokea jioni ileile. Kijana wa meza ya tatu kutoka kwetu aliangusha bastola yake kwenye saruji. Haikufyatuka. Lakini sote tuliganda, na nilijikuta namtazama binti yangu wa miaka kumi na sita, ambaye siku hiyo alikuwa amenisindikiza, amesimama nyuma ya kioo. Mkwaruzo nisiouhisi nikifyatua haukuwa na uzito tena mbele ya picha hiyo.

Nilirudi dukani nikachukua 80. Nilijaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha, nikaonyesha kitambulisho cha Texas na green card, wakapiga simu ya ukaguzi wa FBI, na nusu saa baadaye ilikuwa yangu. (Ndugu mlio huku kwa viza ya masomo au matembezi, ulizeni mwanasheria kabla ya kugusa fomu hiyo, kwa kawaida sheria ya nchi haiwaruhusu kununua.)

Kama unanunua iliyotumika, fungua slaidi uangalie. Kuna watu huvitoa vile vijiko vya Series 80 na kuweka kipande cha kujazia nafasi, kwa hiyo maandishi ubavuni hayatoshi kukuambia. Na Series 70 za mwanzo, zile za 1970 mpaka 1983, nyingi zina bushi ya mdomoni, yaani pete inayoushika mtutu kwa mbele, yenye vidole vya chuma vinavyoubana mtutu. Vidole hivyo vimewahi kukatika, basi vikague kimoja kimoja. Zile mpya zinazoitwa Series 70 zina bushi nzima ya kawaida.

Usafishaji wa kila siku ni uleule kwa zote mbili. Shida huja ukifungua fremu yote: vile vijiko viwili ni vyembamba na vinadondoka. Mara ya kwanza vilinila saa nzima. Siku hizi navipanga juu ya taulo jeupe kwa mfuatano nilivyovitoa, nikianza na cha triga, na narudisha kwa dakika kumi.

Imeshapiga risasi 900, na kati ya matumizi inalala kwenye sefu, risasi sefu nyingine. Mzee bado anashikilia kwamba nimelipia vipande vinne nisivyovihitaji. Jumamosi iliyopita aliniomba nimsafishie ya kwake, na nilipomrudishia alikuwa ameshaifungua ya kwangu juu ya taulo, anavitazama vile vijiko kwa miwani.