Asumini hununuliwa ikiwa imefumba

Alhamisi iliyopita nilitoka kazini saa kumi na nusu, nikapitia Ngamiani, hapa Tanga, kwa bibi muuza maua. Hana duka. Hukaa barazani kwake, ungo mapajani, na kando yake jani bichi la mgomba lililonyunyiziwa maji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mkeo hajambo?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza siku zote, maana wanaume tusimamao pale tuna shida moja tu.

Nilianza kwenda kwake baada ya mawaridi kunitia simanzi. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa nilinunua sita mekundu, yamefungwa nailoni na utepe. Yalikuwa yamesafiri kwa basi kutoka Arusha, na joto letu hili la Tanga mnalijua. Mwenzangu aliyatia kwenye jagi akiwa na furaha tele. Kulipokucha yote yalikuwa yameinamisha vichwa. Hakusema kitu, nami sikusema. Muuzaji hakuniambia kwamba waridi hubonyezwa taratibu pale chini petali zinapoanzia: likiwa gumu bado lina siku zake, likiwa tepetepe limeshachoka. Wala hakuniambia kwamba ukifika nyumbani shina likatwe upya, mshazari, ndipo linywe maji.

Asumini ina mambo mengine kabisa. Mara ya kwanza nilinyoosha kidole kwenye yale yaliyochanua, kwa kuwa ndiyo mazuri kwa macho. Bibi akanishika mkono.

"Hayo yameshawanukia wapita njia, mwanangu. Mkeo utampelekea nini?"

Tangu hapo nachukua vitumba. Huchumwa alasiri vikiwa vimefumba, vyeupe, na giza likiingia hufumbuka vyenyewe.

Napenda kumtazama bibi akitunga kikuba, kile kishada cha maua yanukiayo ambacho mwanamke hukibana kifuani. Sindano huipitisha kwenye kikonyo, kamwe haigusi petali, kwa sababu petali ya asumini ikichubuka tu hugeuka rangi ya chai. Kisha huweka rihani, vipande vya mkadi, na ua moja liitwalo kilua katikati. Kilua hakina sura. Kijani-manjano, ungekiona chini ungekiruka. Lakini kikikosekana, kikuba hakijakamilika, na mke wangu hukitafuta kwa pua kabla hajaniuliza habari za kazi. Kama hakuna kilua, mimi husubiri kesho.

Nilifika nyumbani adhana ya Magharibi ikilia, kikuba ndani ya jani la mgomba, mkononi, si kwenye mfuko wa plastiki. Alikifungua, akakibana kifuani kwa pini, akarudi jikoni kugeuza samaki. Tulipokaa kula bado asumini zilikuwa kimya. Saa tatu hivi, tumekaa uani, nikahisi harufu imefika. Naye aliihisi, aliinamisha kidevu, akavuta pumzi, akafumba macho.

Asubuhi kikuba kimenyauka. Amekitia sandukuni, katikati ya kanga zake, pamoja na vingine vyote.