Kipande cha mti cha dirishani

Machi 2013 nilikuwa Dodoma kwa shughuli ya siku nne, na ilipokwisha nikaona nisirudi Mombasa kabla sijafika Tabora kumjulia hali dada yangu aliyeolewa huko. Siku hizi mtu akitoka Dar es Salaam anafika Dodoma kwa treni ya umeme, iliyoanza 2024, kwa saa nne hivi. Ninayoisimulia mimi ni reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja. Reli ya kwetu ya wakati ule ilikuwa ya upana huohuo, na treni ya usiku ya Mombasa kwenda Nairobi nimeipanda tangu nikiwa mtoto. Nikakata tiketi bila kumuuliza mtu chochote.

Karani alitazama pasipoti yangu, akaniuliza, “Uko peke yako, dada?” Nikamwambia ndiyo. “Basi nakuweka chumba cha wanawake.” Chumba cha daraja la pili la kulala kina vitanda sita, na wanawake hukaa mbali na wanaume. Hata mke na mume hutenganishwa, isipokuwa wamelipia chumba kizima. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake katika nchi ya watu, maneno yale ya karani yalinituliza sana.

Treni ilikuwa imeondoka Dar jioni ya jana yake, na Dodoma ilitakiwa kufika saa mbili asubuhi. Saa moja na robo nilikuwa nimeshasimama na sanduku langu. Saa mbili ikapita. Saa nne ikapita. Nikaenda kuuliza, nikaambiwa iko njiani. Niliporudi, bibi mmoja aliyekalia gunia la karanga akanisogezea nafasi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Keti. Kilosa mvua imenyesha.”

Sikuelewa Kilosa na mimi tunahusiana nini. Akanieleza taratibu: baada ya Kilosa reli inaandamana na mto Mkondoa mpaka kuelekea Gulwe, na mto ukifura unakula tuta. Siku kama hizo treni hutambaa, au husimama mpaka njia ikaguliwe. Mvua hiyo sisi hatukuiona hata tone. Jua la Dodoma lilikuwa linachoma. Lakini pale stesheni kila mtu aliijua, kama sisi wa Pwani tunavyojua maji yanajaa lini na yanapwa lini. Hakuna aliyefoka. Watu walitandika kanga, wakanunua zabibu, watoto wakalala. Reli imefika hapo tangu 1910, enzi za Wajerumani, na nadhani watu wamerithishana namna ya kuingoja.

Ilifika saa kumi na moja jioni.

Bibi alipangiwa chumba kimoja na mimi, pamoja na mama mwenye watoto wawili. Tulipita Bahi jua likizama, maji yametanda pande zote mbili. Saranda tukafika usiku, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo kwetu sijaliona. Chini ya madirisha kulikuwa na taa nyingi ndogondogo, na juu ya kila taa beseni la kuku wa kienyeji limeinuliwa kichwani. Bibi akanishika mkono kabla sijatoa pesa. “Toa noti ndogo. Pokea kuku kwanza, umwangalie, ndipo ulipe. Treni haingoji chenji.” Nikalipa elfu tano. Shilingi yetu moja ilikuwa karibu 19 za kwao, kwa hiyo elfu tano iliyonishtua masikioni haikuzidi mia tatu za Kenya. Yule kuku alikuwa mgumu, ana chumvi na moshi, na tulimla sote watano kutoka katika karatasi moja.

Tulipokwisha kunawa, bibi akafungua mkoba wake akatoa kipande cha mti. Kilikuwa na urefu wa shubiri, kimelainika kwa kushikwa, upande mmoja umechongwa ukawa mwembamba kama kabari. Akafunga dirisha, akakigongomea kwa kiganja kwenye mfereji wa kioo.

“Kila safari unakuja nacho?” nikamuuliza.

“Wewe wako uko wapi?”

Baada ya Manyoni treni ilisimama gizani, pasipo stesheni. Sote tulikuwa macho. Nikasikia nyayo juu ya kokoto, kisha vidole vinapapasa fremu. Kioo kikatikisika, kikagonga ule mti, kikanyamaza. Nyayo zikahamia dirisha la jirani. Mkoba wangu wenye pasipoti ulikuwa hapo hapo chini ya kioo, kwenye kijimeza, mahali ambapo nilikuwa nikiuweka miaka yote nikienda Nairobi. Nikauvuta nikaulalia.

Bibi alishuka Itigi, saa sita na ushee. Tulimsaidia kushusha karanga zake. Akarudi chumbani, akang’oa kabari yake dirishani, akaifuta kwa upindo wa kanga na kuitia mkobani. “Nitaihitaji kurudi, mwanangu. Tabora watakukatia.” Nikamshukuru. Nilifunga leso yangu kwenye kishikio cha dirisha, ncha ya pili nikaizungusha mkononi, nikakaa hivyo mpaka kulipopambazuka tukiwa katikati ya miombo, moshi wa wachoma mkaa umelala juu ya miti.

Dada alikuwa amenisubiri stesheni tangu jioni. Kabla ya chai nilimwomba anipeleke kwa fundi seremala. Fundi hakuniuliza ni cha nini. Alipima shubiri kwa mkono wake mwenyewe, akakata mabaki ya mninga, akachonga ncha moja, akaipiga msasa, akanipa.