Mwili mzima wauma na Brufen haifui dafu

Naulizwa sana inboksi kuhusu dawa za fibromayaljia, huu ugonjwa wa kuumwa mwili mzima siku zote, basi leo naandika. Brufen na diklofenaki ndo za kwanza tunazokimbilia pale kemisti, na ndo hazisaidii kitu, mana zile ni za kupunguza uvimbe na huku hakuna uvimbe. Ukipimwa damu sawa, eksirei sawa, na wewe hata kukamua tui huwezi. Shida iko kwa neva na ubongo, vile mwili unavyosikia maumivu kumezidi ukali.

Mimi daktari aliniandikia amitriptilini miligramu 10, nimeze usiku. Sasa kufika nyumbani mamangu akachukua kile kikaratasi cha ndani ya boksi akampa mjukuu wake amsomee, mtoto kufika pale paloandikwa dipresheni, weee! "Kwani mwanangu una wazimu?" Shangazi akapigiwa simu Malindi saa hiyo hiyo, na yule bibi anayenichua mafuta ya karafuu akaitwa aje aniangalie vizuri. Nikawaeleza mpaka nikachoka kuwa dozi ya dipresheni ni kubwa zaidi, hii ndogo ni ya maumivu na usingizi. Na kweli usingizi ndo ulorudi mwanzo, maumivu yakapungua baadaye polepole (kupungua, sio kuisha), ila asubuhi mdomo mkavu ka nimefunga, na madera yote yanibana.

Zingine ni pregabalini, duloksetini na milnasiprani. Marekani zilipitishwa kwa ugonjwa huu 2007, 2008 na 2009, lakini Ulaya wakazikataa zote tatu, wakaona faida yake ndogo. Kuna zinaowafaa kweli, na kuna wanaopata kizunguzungu tu na miguu kuvimba, kwa hivyo usimeze kwa sababu jirani imemfaa. Pregabalini ukishazoea usiikate ghafla.

Mazoezi ndo yanayosifiwa kuliko dawa zote, wataalamu wa Ulaya walisema hivyo 2016, na mie naona kweli japo yaudhi kuambiwa utembee na mwili wauma. Natembea pale Mama Ngina, kando ya bahari Mombasa, baada ya alasiri, kidogo kidogo.

Halafu tramadoli, ile dawa kali ya maumivu. Yazoesha vibaya, na ukiwa watumia amitriptilini ama duloksetini kuzichanganya kwaweza kukuletea degedege au moyo kwenda mbio, kwa hivyo kabla hujauziwa mwambie mtu wa kemisti unameza nini nyumbani, hata kama kuna foleni nyuma yako.