Vilima Vilivyokataa Kukaa Mbali

Kila mandhari ya shamba niliyochora kwa rangi za mafuta ilikuwa na kasoro ileile: vilima vya nyuma vilionekana kama vimeegemea paa la nyasi la nyumba iliyo mbele. Nikadhani ni ukubwa, nikavipunguza. Wapi!

Kosa lilikuwa kwenye rangi. Nilitumia kijani ileile mbele na nyuma, nikiongeza nyeupe tu. Kumbe hewa iliyo kati ya jicho na kilima hutawanya mwanga wa buluu, hivyo kilicho mbali hupauka, huelekea buluu, na kingo zake hufifia. Nikachanganya upya: buluu, nyeupe nyingi, na nyekundu kidogo sana ya kupunguza ukali wa kijani. Kisha, ukingo wa kilima ukiwa bado mbichi, nikaupitishia brashi laini iliyo kavu, mara moja tu. Ukayeyukia angani. Nilifurahi mno!

Nyasi za mbele siku hizi sizigusi mpaka tabaka la chini likauke, hata kama ni siku kadhaa. La chini nalizimua kwa tapentaini, la juu naliongezea mafuta ya kitani. Ukigeuza mpangilio huo, rangi ya juu huja kupasuka.