Pua yangu ilikuwa inapiga mluzi, tundu likazibwa kwa msaada wa kioo

Jamani mi naishi Turku huku Finland, nahudumia wazee, na kwa muda mrefu pua yangu ilikuwa inapiga mluzi. Sio utani. Zamu ya usiku korido kimya, we unapumua zako tu unasikia fyuuu, mpaka bibi mmoja akaniuliza nani kaacha birika jikoni.

Chanzo ni tundu kwenye ukuta wa kati wa pua, ule unaogawa kulia na kushoto. Zamani nilifanyiwa operesheni ya kuunyoosha, sasa gegedu, ule mfupa laini wa ndani ya ukuta huo, halina mishipa yake ya damu, linalishwa na utando uliolifunika, utando ukichanika pande zote mbili mahali palepale ndo basi, panakufa panabaki uwazi. Wengine wanalipata kwa kuchokonoa pua au kokeini, kwa hiyo dokta akikuuliza usinune, mi nilinuna.

Tundu dogo la mbele ndo lenye kelele, makubwa hayapigi mluzi, ila yote yanaleta magamba na damu, na winta na hizi hita hewa inakuwa kavu balaa. Dawa ya kwanza ni maji ya chumvi na mafuta ya ufuta ya kupuliza puani, yapo famasi kabisa, nikacheka, ufuta umejaa kwetu Lindi mi nakuja kununua kichupa kwa yuro! Magamba yakapungua, mluzi haukuondoka. Kizibo cha silikoni nacho nilivaa, kikawa kinaniwasha.

Ndo dokta akaniambia kuna kioo cha kupandikiza mwilini kinaitwa S53P4, na kwao ni hapahapa Turku. Asilimia 53 ni silika (ile ya kwenye mchanga), 4 ni oksaidi ya fosforasi, jina limetoka hapo, kilichobaki ni oksaidi za sodiamu na kalsiamu. Vioo vya aina hii alivianzisha mtafiti Larry Hench, Florida Marekani, 1969. Kikilowa maji ya mwili kinaachia sodiamu na kalsiamu, juu yake linajengeka tabaka kama madini ya mfupa, mwili unakishika badala ya kukizungushia kovu tu, na bakteria wanapata tabu kuishi pale karibu, na puani wamejaa.

Nikamuuliza kwa nini asichukue gegedu la sikio langu, akasema inawezekana na wengi wanafanya hivyo, ila utapata kidonda cha pili. Halafu akasema kitu ambacho watu hawaulizi: kioo hakizibi tundu. Kinachoziba ni utando wako mwenyewe unaovutwa na kushonwa kila upande, kioo kinakaa katikati kama egemeo. Utando ukifumuka kikabaki wazi, kimeharibika, hata kiwe kizuri vipi. Kwa hiyo muulize dokta wako utando wako ukoje kabla hujauliza implanti gani, yaani kitu gani kitapandikizwa.

Nikakubali kioo, na baada ya operesheni ni kupumua kwa mdomo, maana ndani wameshonea vipande vya silikoni kulinda mishono, hupengi kamasi, chafya unapiga mdomo wazi, kazini nikaomba nisipangwe kuinua wazee. Vilipotolewa hewa ikapita bila kelele. Januari magamba bado yanakuja kidogo, naendelea na ufuta.

Mnaouliza kama umbo limebadilika, hapana, kwa nje huoni kitu. Pua iliyobonyea ni operesheni nyingine, huko mara nyingi wanachukua gegedu la ubavu.