Wanaobaki kwa bibi

Mtoto wa Kongwa au Chamwino, mkoani Dodoma, akigundulika ana kansa, mara nyingi mama hufunga mzigo na kwenda naye Muhimbili, Dar es Salaam, na ndugu zake hubaki kwa bibi. Saratani ya damu inayowapata zaidi watoto hutibiwa miaka 2 hadi 3, ingawa si muda wote huo mtoto amelazwa. Waliobaki huambiwa "mama anarudi kesho", na kesho haifiki. Mtoto asiyeambiwa kitu hujitungia jibu, na jibu lenyewe huwa zito kuliko ukweli.

Wa miaka 4 au 5 anaamini maneno yake yana nguvu. Waligombana, akamwambia kaka yake "ufe", wiki iliyofuata kaka akaumwa. Atalibeba hilo kimya kimya. Wa miaka 8 anaogopa kuambukizwa, hata kikombe cha mgonjwa hakigusi. Mkalishe, umwambie mambo matatu: ugonjwa unaitwa kansa, hauambukizi, hakuna ulichosema wala ulichofanya kilichouleta. Baada ya siku chache rudia, maana mara ya kwanza hasikii yote. "Anaumwa kidogo tu" usiseme kabisa: siku mgonjwa atakaporudi na kipara, uso umevimba kwa dawa, hutaaminika tena. Nywele huanza kudondoka kama wiki 2 au 3 baada ya kuanza kemo, yaani dawa kali za kuua kansa, kwa hiyo mtajie hilo mapema. Akiuliza "atakufa?", usimkwepe. Mjibu: "Madaktari wanampa dawa ili apone. Hali ikibadilika, nitakuambia mimi mwenyewe."

Simu ipigwe saa ile ile, tuseme saa 1 jioni. Dakika 5 zinatosha, ila wazungumze watoto kwa watoto, si bibi peke yake. Kama salio ni la shida, ahidi mara 2 kwa wiki na utimize; ahadi ya kila siku ikivunjika, mtoto anadhani mgonjwa amefariki.

Mwalimu wa darasa naye ajulishwe. Anayeanza tena kukojoa kitandani, kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule, au kupigana ovyo, akifika wiki 2 hajatulia, apelekwe kituo cha afya aandikiwe rufaa.

Na mama? Akikosa usingizi hata mtoto anapolala, chakula hakipiti, akaanza kusema heri asingeamka, aonwe siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Akiwa wodini, nesi aambiwe palepale. Kwetu Dodoma jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, limegeuzwa tusi, na inauma, kwa sababu aibu hiyo inawachelewesha watu wanaohitaji msaada. Pale wapo wengi wanaotibiwa na kurudi nyumbani siku ile ile.

Ukija kumpa bibi pole, usimuulize "atapona kweli?" watoto wakiwa wamekaa hapo. Wasalimie wao kwanza, kila mmoja kwa jina lake, kisha umwachie bibi alale kwa muda wa saa mbili wewe ukisonga ugali.